Kutangazwa Si Kusikika



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya ile minara mirefu ya chuma isimamayo juu ya vilima vyetu, yenye taa nyekundu ziwakazo usiku. Wengi wetu hupita chini yake tukienda sokoni au ofisini, nasi twajua tu kwamba ni minara ya redio na televisheni, basi. Lakini ni watu wachache waliopata kujiuliza kwa nini mnara hujengwa kilimani wala si bondeni, na kwa nini jirani mmoja husikia habari zote za nchi, na mwenzake asiye mbali naye hasikii ila mvumo kama wa nyuki. Mimi nami sikujiuliza, mpaka jambo hili lilipoingia katika ukoo wetu na kutugharimu fedha. Nitawaeleza lilivyokuwa, wala sitaficha kosa langu.

Mwezi wa Januari 2019, Rais alitangaza ya kwamba bei ya Serikali ya kununulia gunia la mahindi la kilo 90 itakuwa shilingi 2,500, badala ya shilingi 2,300 iliyokuwa imetajwa mwishoni mwa mwaka 2018. Habari hii naliisikia kwa redio nikiwa nyumbani kwangu mjini Kitale, nikila chakula cha jioni. Kesho yake ofisini hatukuwa na mazungumzo mengine. Kila karani ana shamba kwao, au ana baba mwenye shamba. Na katika Trans Nzoia na Bungoma mahindi ndiyo karo ya shule, ndiyo dawa ya mgonjwa, ndiyo mahari ya kijana. Nalifurahi, nikasema moyoni, "Mjomba sasa atapata nafuu." Kisha nikaendelea na kazi zangu.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana shamba katika bonde dogo chini ya Mlima Elgon, juu ya Kimilili. Mwaka ule alikuwa na magunia 40 ya kuuza. Siku nne baada ya tangazo lile, alifika mchuuzi na lori lake, akamwambia ya kwamba mahindi yamejaa kila mahali na bei inazidi kushuka. Shule zilikuwa zimekwisha kufunguliwa na watoto wawili walikuwa wakingojea karo. Mjomba akauza yote kwa shilingi 1,700 gunia. Mchuuzi yule alikuwa na redio ndani ya lori lake, naye alikuwa amepita juu ya vilima ambako sauti hufika. Alijua. Mjomba hakujua.

Piga hesabu, msomaji: tofauti ya shilingi 800 kwa kila gunia, mara magunia 40, ni shilingi 32,000. Najua ya kwamba kuuza kwa Serikali kulikuwa na masharti yake, mkulima alihakikiwa kwanza, na safari ya kupeleka gunia hadi ghalani si bure. Sisemi kwamba mjomba angalizipata zote. Lakini mtu ajuaye bei husimama mbele ya mchuuzi kwa namna nyingine. Angaliweza kusema, "Ongeza, au ondoka na lori lako."

Nalipokwenda kumwamkia mwezi wa Februari, nalimkuta amekaa chini ya mparachichi wake. Baada ya maamkio nikamwuliza, "Mjomba, ilikuwaje ukauza kwa bei ile, na redio ilikuwa imekwisha kutangaza?"

Akanitazama kwa muda, akasema, "Mpwa wangu, kaa kwanza unywe chai. Wewe ulisikia?"

Nikajibu, "Nalisikia siku ile ile."

Akasema, "Basi kama ulisikia, mbona hukuniletea habari?"

Sikuwa na jibu. Nalidhani ya kwamba jambo likiisha kutangazwa kwa redio limekwisha kumfikia kila mtu. Hilo ndilo kosa langu, nami naamini ni kosa la makarani wengi na la wakubwa wengi pia. Kutangazwa si kusikika.

Huenda msomaji atasema, "Je, hakuwa na simu ya mkononi?" Alikuwa nayo, lakini pale nyumbani kwake haishiki mtandao. Akitaka kuzungumza na watu wa mbali hupanda mlimani Jumapili baada ya ibada, na wakati ule wa pilikapilika za shule hakupanda. Na jambo la simu si jambo jingine, kwa maana simu nayo husafiri kwa mawimbi yale yale ya namna ya redio, nayo hushindwa na kilima kile kile.

Mjomba alinionyesha redio mbili mezani. Alisema, "Ile ya kwanza nalidhani imezeeka kama mimi, nikanunua hii mpya. Nayo ni bubu vile vile." Lakini mama mmoja mjane, ambaye nyumba yake iko juu ya ukingo wa bonde, husikiliza habari na mahubiri kila siku kwa redio ndogo kuliko zote. Watu wa kule bondeni walikuwa wakisema ya kwamba mama yule ana bahati.

Nikachukua redio ile mpya mkononi, nikaifungua, nikaanza kupanda kwa miguu kuelekea kwa mama mjane, na mjomba akanifuata na fimbo yake. Mwanzo tulisikia mvumo tu. Tulipofika kwenye mashina ya migomba, sauti ya mtu ikaja na kupotea. Tulipopanda hatua nyingine kama mia, mara sauti ikafunguka, wazi kabisa, kama mtu aliyesimama mbele yetu. Tukarudi nyuma hatua chache, ikafifia. Tukapanda tena, ikarudi. Mjomba akasimama akiangalia upande wa kusini, mahali ambapo sasa twaliona bonde lote na nchi tambarare mbele yake, akasema, "Kumbe si redio iliyo bubu. Ni shamba langu lililo kiziwi."

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, maana kuuliza si ujinga, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mawimbi ya redio hayasafiri yote kwa namna moja. Yako mawimbi marefu kiasi, yaitwayo masafa ya kati, ambayo hutambaa juu ya uso wa nchi mchana na kuinama kidogo juu ya vilima. Usiku huruka pia mpaka kwenye tabaka la juu la anga, yakarudishwa chini mbali sana. Ndiyo sababu usiku mtu huweza kusikia idhaa za nchi jirani ambazo mchana hazipati. Yako na masafa mafupi, ambayo hurudishwa na tabaka hilo hata yakazunguka dunia. Kwa hayo wazee wetu walisikia London wakiwa vijijini. Na yako mawimbi ya FM, ambayo urefu wake ni kama meta 3 tu, na ya televisheni, ambayo ni mafupi zaidi. Haya ya mwisho ndiyo yenye sauti safi isiyo na makelele, lakini yana desturi ya macho: huenda moja kwa moja. Kile ambacho mnara hauwezi kukiona, kwa kawaida hauwezi kukisemesha vizuri.

Kwa kuwa dunia ni mviringo, hata katika nchi tambarare mnara una mwisho wa kuona kwake. Iko hesabu nyepesi ambayo kila aliyesoma aweza kuifanya. Chukua kimo cha mnara kwa meta, utafute kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta kile kimo, kisha uizidishe kwa 4 na kidogo zaidi. Utapata kilomita ambazo mawimbi yatafika. Mnara wa meta 100: kipeuo chake ni 10, basi mawimbi yatafika kama kilomita 41. Mnara wa meta 400: kipeuo ni 20, basi kilomita 82. Angalia vema: kimo kimeongezeka mara nne, lakini mwendo umeongezeka mara mbili tu. Kujenga chuma cha meta 400 ni gharama kubwa mno. Lakini mtu akiweka mnara mfupi wa meta 50 juu ya kilima kilichoinuka meta 350 juu ya nchi iliyo chini yake, amepata meta zile zile 400, na kilima amepewa bure. Ndiyo maana mafundi hutafuta vilima.

Jambo hili limejulikana siku nyingi. Mnara wa Eiffel mjini Paris ulijengwa mwaka 1889, na kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, kisha ungeweza kubomolewa. Miaka ile ilipokwisha uliachwa usimame, kwa sababu ilikuwa imeonekana ya kwamba urefu wake wafaa sana kwa simu ya upepo. Na hapa kwetu, watu wa kale hawakuhitaji redio kujua faida ya mahali pa juu. Kule Chetambe, juu ya mji wa Webuye, Wabukusu walikuwa na ngome yao, na huko walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mlinzi aliyesimama pale aliona mbali. Mnara wa redio ni mlinzi wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba yeye hutangaza badala ya kutazama.

Sasa na tuitazame nchi yetu wenyewe. Mji wa Kitale uko juu, kiasi cha meta 1,900 kutoka usawa wa bahari. Bungoma uko chini yake, kiasi cha meta 1,400. Kati ya miji hiyo miwili, kwa mstari ulionyoka, ni kama kilomita 70 tu; lakini nchi hushuka kama ngazi, nao mto Nzoia huanguka kule Webuye kwa kishindo ambacho wote mwakijua. Mnara uliowekwa katika tambarare ya Bungoma hutazama ukuta wa ngazi hiyo, na watu wa juu huwa nyuma ya ukuta. Mnara uliowekwa katikati ya Kitale huwaona watu wa uwanda wa juu, lakini walio chini ya ukingo huwapita juu ya vichwa vyao. Upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon wenyewe, ambao una mabonde na mikunjo kama kanzu iliyokunjwa. Mtu akaaye juu ya mkunjo husikia. Akaaye ndani ya mkunjo husubiri. Mjomba wangu yumo ndani ya mkunjo.

Wako wanaouliza, "Mbona mnara mkubwa haukuwekwa juu kabisa ya Elgon, ambako ni zaidi ya meta 4,000, nchi yote ikasikia?" Swali ni zuri, lakini majibu yake ni mengi. Kilele kiko mbali na barabara na umeme, na kila mnara wahitaji vitu hivyo, pamoja na mitambo ya dizeli ya kusaidia umeme ukikatika, na fundi awezaye kufika usiku wa mvua. Upande wetu wa mlima una Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968, pamoja na yale mapango ambamo ndovu huingia kulamba chumvi. Si mahali pa kukata barabara ovyo. Tena mlima mkubwa una kivuli kikubwa: mabonde yaliyo karibu chini yake huweza kufichwa na mabega ya mlima wenyewe. Na mwisho, mnara uliosimama mpakani husemesha Uganda kama usemeshavyo Kenya. Mataifa yamepatana juu ya masafa, kwa FM huko Geneva mwaka 1984, ili mmoja asimfunike mwenzake. Kwa hiyo mafundi huona afadhali minara kadhaa ya kiasi, kila mmoja juu ya kilima chake, kuliko mmoja mrefu juu ya theluji na mvua ya mawe.

Historia yatuonyesha jambo lile lile. Redio ilianza kusikika Kenya mwaka 1928, kwa faida ya walowezi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndipo matangazo kwa Waafrika yalipoanza, ili jamaa wapate habari za askari wao. Katika miaka ya 1950 redio ya Waafrika ilipewa idhaa zake, na huko Kisumu palikuwa na kituo cha watu wa upande wa Ziwa. Shirika la Utangazaji la Kenya liliundwa mwaka 1961, likawa Sauti ya Kenya mwaka 1964, kisha likarudia jina lake la kwanza mwaka 1989. Televisheni ilikuja mwaka 1962, na mtambo wake ukawekwa Limuru, mahali palipoinuka juu ya Nairobi. Baadaye sehemu zetu zilitegemea mtambo wa Timboroa, kule ambako reli hupita kwa kimo cha zaidi ya meta 2,700. Lakini kutoka Timboroa mpaka Kitale au Bungoma ni zaidi ya kilomita 100. Wenye umri wa kukumbuka wanajua picha zile zilivyokuwa: mchezaji mpira mmoja alionekana kama watatu, na wote wanatembea katika mvua ya chokaa.

Hata hivyo picha mbovu ilikuwa picha. Mwaka 2015 Kenya iliacha televisheni ya namna ya kale na kuingia ya dijitali, kwa kuwa mataifa mengi yalikuwa yamepatana huko Geneva mwaka 2006 ya kwamba kinga ya mitambo ya kale itakwisha tarehe 17 Juni 2015. Dijitali ni nzuri: picha ni safi, na mnara mmoja hubeba vituo vingi. Lakini haina huruma. Mawimbi yakiwa na nguvu ya kutosha, king'amuzi huonyesha picha kamili. Yakipungua kidogo tu chini ya kiasi hicho, picha huvunjika vipande, kisha kioo huwa cheusi. Hakuna tena chenga za kuvumilia. Basi wako watu katika mabonde yetu ambao maendeleo hayo yaliwafungia mlango walioweza kuchungulia.

Sasa mtu wa bondeni afanye nini? Nitaeleza tuliyoyafanya kwa mjomba, maana hayakuhitaji fedha nyingi.

Kwanza, tulijua ya kwamba kilichokosekana ni kimo, wala si redio nyingine. Mjomba alikata mkaratusi mrefu, tukausimamisha mbali kidogo na nyumba, mahali pa juu kuliko pote katika shamba lake. Juu yake tukafunga vipande viwili vya waya mnene, kila kimoja sentimeta 75, kimoja huku na kimoja huku, kama mikono iliyonyoshwa. Kipimo hicho si cha kubahatisha: mawimbi ya FM yana urefu wa kama meta 3, na kila mkono ni robo yake. Kutoka hapo tukateremsha waya wa antena, ule wa duara wenye nyuzi ndani na wavu nje. Uzi wa ndani ukafungwa kwenye mkono mmoja, na wavu kwenye mkono wa pili. Chini, uzi wa ndani tukaubana kwenye antena ya redio. Tukageuza mlingoti polepole mpaka sauti ikaja. Haikuwa safi kama kwa mama mjane, lakini taarifa ya habari ilisikika kutoka mwanzo hata mwisho, na watoto wakapiga makofi.

Pili, kwa wale wanaosikiliza masafa ya kati, wasihangaike na ile antena ya kuvuta. Ndani ya redio mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya, na hicho ndicho kipokeacho. Igeuze redio yenyewe, kama ugeuzavyo uso kumsikiliza mtu, nawe utaona sauti ikiongezeka na kupungua.

Tatu, na hili nalisema kwa mkazo: pande zetu hizi za karibu na Ziwa zina radi nyingi na kali. Mlingoti mrefu huialika radi. Mawingu yakianza kukusanyika, ondoa waya kwenye redio na uutupe nje ya nyumba, usingoje ngurumo. Wala usifunge mlingoti kwenye paa la nyumba unamolala watoto. Taarifa ya habari itarudi kesho; mtoto hatarudi.

Hayo ni ya mtu mmoja katika nyumba yake. Lakini mlingoti wa mkaratusi hauwezi kumaliza kazi ya mnara. Yako mabonde ambayo hata mti mrefu hautoshi, na hapo dawa ni mnara mdogo wa kupokezana, uwekwao juu ya ukingo ili upokee sauti kutoka mnara mkubwa na kuiteremsha bondeni. Jambo hilo ni la wenye vituo na la Halmashauri ya Mawasiliano igawayo masafa. Nao hawawezi kujua bonde lisilosikia kama bonde lenyewe limenyamaza. Malalamiko ya kwamba "redio ni mbaya kwetu" hayana faida. Andikeni kwa utaratibu: jina la kata na la kijiji, kituo gani, masafa gani, saa ngapi, na mahali sauti inapokatika. Watu 20 wakiandika mambo hayo na kuyapitisha kwa chifu, hiyo ni barua yenye uzito. Nasi tulio makarani twajua ya kwamba barua yenye uzito hutafutiwa jalada, na barua ya manung'uniko hutafutiwa kapu.

Tena minara iliyopo ni mali yetu ya kutunzwa. Mwizi aibaye dizeli ya mtambo, au akataye waya wa shaba auze kwa kilo, hamwibii mwenye kituo peke yake. Amemnyamazishia mkulima bei, na mgonjwa habari ya chanjo, na mwenye shamba la mteremkoni onyo la mvua kubwa. Watu wa mabonde ya Elgon wajua maporomoko ya ardhi ni kitu gani.

Neno langu la mwisho nawaelekeza makarani wenzangu. Tunapoandika katika ripoti ya kwamba wananchi "wamejulishwa kwa njia ya redio", tukumbuke kuuliza: wananchi wa wapi? Katika vituo vyetu vya hapa, kama vile West FM ya Bungoma, na Sulwe FM itangazayo kwa Lubukusu, tangazo huweza kusemwa kwa lugha nzuri kabisa, likapita juu ya bonde kama ndege apitavyo. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye duka la soko, neno moja kwa mzee wa mtaa, tangazo moja baada ya ibada, haya hayahitaji kuonana na mnara. Na mtu mwenye jamaa bondeni asifikiri kwamba wengine watapeleka habari. Mimi nalifikiri hivyo, na watoto wawili wa mjomba wangu walilipiwa nusu ya karo.

Tangu mwaka ule, kila nisikiapo habari ya bei au ya mbolea, nampigia mama mjane wa ukingoni, maana simu yake hushika, naye hutuma mtoto ateremke. Mjomba hupenda kunitania, husema, "Mpwa wangu, sasa mnara wetu una miguu miwili na hula ugali." Mimi hucheka, lakini si sana.

Msomaji aishiye mahali ambapo sauti haifiki na aniandikie katika ukurasa huu, ataje kijiji chake na kilima kilicho mbele yake. Nitazikusanya barua hizo na kuzitoa hapa, ili waliomo mijini wajue ni nani ambao hawajasikia.

Wassalaam,
Ni mimi, Karani wenu wa Kitale